Hazionekani kwa Nani? Alama za Urujuanimno katika Mabawa ya Vipepeo na Kauli ya Kutendeka

Utangulizi

Mwandishi wa sayansi kwa Kiswahili anapofikia habari ya alama za mabawa ya vipepeo zinazoakisi mwanga wa urujuanimno, ni rahisi ajikute akiandika sentensi ya namna hii: "Kipepeo dume ana alama zisizoonekana ambazo humvutia jike." Sentensi ni nyepesi, upatanisho wake wa kisarufi hauna kasoro, na mhariri ataipitisha. Lakini mwanafunzi makini wa darasa la sita akiuliza jike huvutiwaje na kitu kisichoonekana, mwalimu hatapata jibu ndani ya sentensi ile. Itambidi aibomoe kwanza.

Makala haya yanashikilia kwamba kasoro hiyo haitokani na haraka ya uandishi wala na uhaba wa istilahi. Ni kasoro ya kauli ya kitenzi. Yanashikilia pia kwamba katika mada hii kauli ya kutendeka huficha jambo lile lile ambalo utafiti wa zaidi ya miaka hamsini umekuwa ukilifichua, yaani kwamba dhima ya alama ya urujuanimno haimo ubawani peke yake. Imo kati ya ubawa na jicho, na jicho hilo lina mwenyewe.

Nomino imeshughulikiwa, kitenzi kimesahauliwa

Mijadala ya ukuzaji wa istilahi za sayansi imetumia nguvu nyingi kwenye nomino, na urujuanimno ni mmoja wa mifano yake mizuri. Urujuani ni rangi ya ukingoni katika upinde wa mvua, upande wa mawimbi mafupi. -Mno imeongezwa ili kubeba maana ya ultra ya Kilatini. Hitilafu ndogo ipo. Ultra ni "ng'ambo ya", ilhali -mno ni "kupita kiasi". Asikiaye neno hili kwa mara ya kwanza aweza kudhani kuwa ni urujuani uliokolea, kama vile "tamu mno" ilivyo utamu uliozidi wala si kitu kilicho ng'ambo ya utamu. Hata hivyo istilahi hii imekwisha zoeleka, inatamkika bila taabu, na hapana haja ya kuichokonoa. Neno likishakubaliwa, etimolojia yake hulala.

Kitenzi hakilali. Kila mara kinapotumika, kinampangia msomaji nani ametenda na nani ametendewa, au kinamwondolea habari hiyo kabisa. Kutoka katika mzizi -on- Kiswahili kina ona, onwa, onea, onewa, onana, onyesha na onekana. Onwa ni kauli ya kutendwa. Humdai mtenda, hata asipotajwa, na huweza kumtaja kwa kiunganishi "na": nyota ile ilionwa na mabaharia. Onekana ni kauli ya kutendeka. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha bainisha kuwa kauli hii hueleza hali ya kitu pasi na kumhusisha mtenda, na walimu wa sarufi waliomfuata wamelirudia jambo hilo kwa namna mbalimbali. Kikombe kimevunjika: hatuulizwi nani kakivunja. Kuna wazungumzaji wengi wasemao "inaonekana na watu", na si kazi ya makala haya kuwakosoa. Ila yafaa ieleweke kwamba katika matumizi hayo "na" imeletwa kuziba pengo ambalo kitenzi chenyewe kimeliacha.

Kauli ya kutendeka ina utata mwingine ulio mkubwa zaidi kwa mada yetu. "Meli haionekani" maana yake ni kwamba kwa wakati huu haipo machoni. Kesho huenda ikawapo. "Upepo hauonekani" maana yake ni kwamba hauwezi kuonwa kamwe, na kwamba kutoonwa huko ni sehemu ya maumbile yake. Umbo ni lile lile. Maana moja ni ya hali, nyingine ni ya uwezekano. Msomaji akutanapo na "alama zisizoonekana", huichukua maana ya pili: alama hizo ni kama upepo. Kutoonekana kumefanywa sifa ya ubawa. Hata tukiongeza "kwa macho", kama tufanyavyo katika "vijidudu visivyoonekana kwa macho", tumetaja chombo bila kumtaja mwenye chombo.

Kwa nini basi waandishi hawaitumii onwa? Sababu mojawapo ni ya masikio. Onwa ni neno fupi, gumu kidogo, na limezungukwa na onewa, ambalo matumizi ya kila siku yamelipeleka kwenye maana ya kudhulumiwa. Anayeandika kwa haraka hulikwepa kundi zima na kukimbilia onekana, lililo laini na lisilo na lawama. Huu ni udhaifu wa mazoea, na mazoea hurekebishika.

Pazia la jicho la binadamu

Waswahili husema macho hayana pazia. Kwa habari ya urujuanimno, jicho la binadamu linalo. Mwanga tuuonao una mawimbi ya urefu wa takribani nanomita 400 hadi 700. Chini ya 400 lenzi ya jicho letu huufyonza karibu mwanga wote kabla haujafika kwenye retina. Watu walioondolewa lenzi kwa sababu ya mtoto wa jicho, bila kuwekewa lenzi ya bandia yenye kuchuja mwanga huo, wamethibitika kuweza kuona sehemu ya urujuanimno wa karibu. Kwa hiyo hata neno "binadamu" katika sentensi yetu halina budi kutumiwa kwa hadhari: kizuizi kimo katika lenzi, si katika ubinadamu.

Historia ya ugunduzi nayo yafaa kukumbukwa. Mwaka 1801 Johann Wilhelm Ritter, Mjerumani, aliona kwamba kloridi ya fedha ilisawijika upesi zaidi pale ilipowekwa ng'ambo ya urujuani, mahali ambapo macho yake hayakuona mwanga wowote. Shahidi wa kwanza alikuwa chumvi. Katika miaka ya 1880 shahidi akawa kiumbe hai: John Lubbock, Mwingereza, alimulika viota vya chungu kwa mwanga uliotawanywa na mche, akaona kuwa walihamisha pupa wao kutoka sehemu ya urujuanimno, sehemu ambayo kwake yeye ilikuwa giza tupu. Tangu siku hiyo haikuwa sahihi tena kusema kuwa mwanga huo hauonekani. Ulikuwa umeonwa, na walioutazama walikuwa wameubebea watoto wao mbali.

Frank Lutz wa Marekani, alipochapisha mwaka 1933 makala kuhusu rangi "zisizoonekana" za maua na vipepeo, alilitia neno hilo katika alama za mtajo. Alama mbili ndogo, na zinasema mengi. Kiswahili kina njia bora kuliko alama za mtajo kwa sababu kina viambishi vya kitenzi.

Macho ya nani

Yafuatayo ni baadhi ya matokeo ya utafiti ambayo yanaonyesha jinsi mtazamaji asivyoweza kufutwa katika maelezo bila maelezo yenyewe kuharibika.

Mwaka 1968 Obara na Hidaka walichapisha uchunguzi wao wa kipepeo mweupe wa kabichi wa Japani, Pieris rapae crucivora. Kwa macho yetu dume na jike wa kipepeo huyo wanakaribiana sana kwa weupe. Katika urujuanimno wanatengana: mabawa ya jike huakisi, ya dume hufyonza. Dume anayeruka shambani akitafuta mwenzi humtambua jike kwa tofauti hiyo. Mtu angedhani kwamba hii ni sifa ya spishi nzima, lakini kipepeo huyo huyo wa kabichi huko Uingereza, wa nususpishi nyingine, hana tofauti hiyo kati ya dume na jike ila kwa kiasi kidogo sana. Mbegu ya kabichi ni ile ile, shamba lafanana, weupe ni ule ule machoni petu. Lugha ya mabawa ni mbili. Mtaalamu wa lahaja hatashangaa.

Mfano wa pili umetoka Amerika ya Kaskazini na ndio uliochunguzwa kwa kina kuliko yote. Colias eurytheme, mwenye rangi ya chungwa, na Colias philodice, wa manjano, huishi pamoja katika mashamba ya alfalfa na huweza kuzaliana. Madume ya eurytheme huakisi urujuanimno kwa nguvu. Ya philodice hayaakisi. Robert Silberglied na Orley Taylor, katika makala zao za mwaka 1973 na 1978, walionyesha kuwa majike ya eurytheme huwapokea madume wa spishi yao kwa kuuona mwanga huo, na kwamba tofauti ya chungwa na manjano, ile iliyotumiwa na sisi kuwapa majina, haikuwa na uzito katika uamuzi wao. Majike ya philodice nayo hayakujali mwanga, yalitegemea harufu. Kwa upande wa madume, mwako wa urujuanimno ulikuwa na kazi ya kinyume: uliwafukuza. Dume akimkaribia mwenzake na kuuona mwako ule, hugeuza njia.

Hapa pana alama moja na watazamaji watatu. Kwa jike wa eurytheme ni mwaliko. Kwa dume mwingine ni onyo. Kwa jike wa philodice haina neno. Sentensi isemayo "dume ana alama zisizoonekana ambazo humvutia jike" imewatupa wawili kati ya watatu hao, na wa tatu imemfumba macho.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili. Bicyclus anynana ni kipepeo mdogo wa rangi ya udongo apatikanaye mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo. Kizazi kilichoenea katika maabara za dunia kilianzia Malawi. Mabawani ana madoa mfano wa macho, na katikati ya kila doa pana nukta nyeupe inayoakisi urujuanimno. Mwaka 2005 Kendra Robertson na Antónia Monteiro walionyesha kuwa majike huchagua madume kwa kuangalia nukta hizo za upande wa juu wa mabawa, na kwamba dume aliyezibwa nukta zake hukosa bahati. Jambo likaonekana kuwa limekwisha. Mwaka 2011 Kathleen Prudic na wenzake wakalifungua upya. Kipepeo huyu ana maumbo mawili: viwavi wanaokua katika joto la masika hutoa vipepeo wa namna moja, na wale wa ubaridi wa kiangazi hutoa wa namna nyingine, katika maabara nyuzi 27 na 17 za Selsiasi hutosha kuleta tofauti hiyo. Katika umbo la masika majike ndiyo wachaguzi. Katika umbo la kiangazi mambo hupinduka: majike hutongoza, madume huchagua, na nukta za jike ndizo zinazotazamwa. Sababu yake ni ya uchumi. Kiangazi ni kirefu, na jike aliyejamiiana hupata kutoka kwa dume virutubisho vinavyomrefushia maisha, ilhali dume hupungukiwa. Mwenye kutoa ndiye mwenye haki ya kuchagua.

Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kufundishia kwa Kiswahili. Masika na kiangazi ni dhana ambazo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa. Nukta ni ile ile, spishi ni ile ile, na bado mtazamaji na mtazamwa hubadilishana nafasi kwa msimu. Sarufi inayofuta mtazamaji haiwezi kulisimulia jambo hili. Sarufi yenye "huonwa na" yaweza, kwa kubadilisha nomino moja tu: masika nukta za dume huonwa na jike, kiangazi nukta za jike huonwa na dume.

Kuna pia watazamaji wasioalikwa. Ndege wengi huona urujuanimno, na baadhi yao hula vipepeo. Jaribio lililofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2010, likitumia kipepeo Lopinga achine, lilionyesha kwamba katika mwanga hafifu wenye urujuanimno mwingi ndege walielekeza midomo yao kwenye madoa ya ukingo wa ubawa, mahali ambapo jeraha haliui. Mwanga ulipoongezwa walilenga kichwa. Doa huwa ulinzi alfajiri, na mchana halilindi.

Rangi isiyopakwa

Neno rangi limetufikia kutoka Kiajemi na lina maana mbili katika Kiswahili: kile jicho lipokeacho, na kile fundi apakacho ukutani. Maana hii ya pili humvuta msomaji kudhani kuwa kila rangi ya ubawa ni kitu kilichopakwa. Ingefaa kuacha jambo hili lipite, lau si kwamba urujuanimno wa vipepeo unalipinga waziwazi.

Mwaka 1972 Helen Ghiradella na wenzake walieleza chanzo cha mwako wa kipepeo mdogo wa manjano, Eurema lisa. Hapana pigmenti yoyote inayoakisi mwanga ule. Kila gamba la ubawa lina matuta, na kila tuta lina tabaka nyembamba zilizopangwa juu ya nyingine kwa vipimo ambavyo hufanya mawimbi ya urujuanimno yakutane na kuimarishana. Colias dume hufanya vivyo hivyo. Kwa kuwa jambo hili ni la pembe, mwako huwaka na kuzimika kila ubawa unapopanda na kushuka. Kiswahili kimemwita mdudu huyu kipepeo, kutokana na kupepea, kwa mwendo wake na wala si kwa rangi yake. Kwa habari ya Colias walioliunda neno wamekaribia ukweli kuliko wachoraji wa vitabu, ambao humbandika kipepeo mabawa wazi kama ngozi iliyowambwa.

Kwa kipepeo wa kabichi hali ni nyingine tena. Magamba meupe ya dume yamejaa chembe za pigmenti za aina ya pterini, na chembe hizo huuongeza weupe tuuonao sisi huku zikiufyonza urujuanimno. Jike wa Japani ana chembe chache zaidi. Kung'aa kwake mbele ya dume kunatokana na upungufu. Mwenye rangi nyingi ndiye mweusi katika mwanga ule, na mwenye rangi haba ndiye anayewaka. Jenetiki ya Colias imeleta habari inayofanana na hiyo: utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa jeni moja iliyo katika kromosomu Z, iitwayo bric-a-brac, huzuia magamba yenye kuakisi yasijengeke, na kwamba dume wa eurytheme huwaka kwa sababu jeni hiyo haifanyi kazi mahali hapo.

Mwanaisimu atalitambua jambo hili mara moja. Mofimu kapa haina sauti wala herufi, lakini ina maana, kwa sababu imesimama mahali ambapo mofimu nyingine ingeweza kusimama. Jike wa Colias, ambaye mabawa yake hufyonza urujuanimno, hutambuliwa na dume kwa kukosa mwako. Giza lake ni kapa yenye maana. Yeyote asemaye "alama za urujuanimno" akimaanisha sehemu zinazong'aa tu, ameisoma nusu ya ubawa. Picha zinazochapishwa zimechangia upungufu huo: kamera yenye kichujio hutoa nyeupe na nyeusi, na jicho letu hukimbilia nyeupe.

Ishara na dalili

Pamoja na hayo yote, uangalifu unahitajika upande wa pili. Ugunduzi wa urujuanimno ulileta shauku, na shauku ilizaa dhana kwamba kila kinachoakisi mwanga huo ni ujumbe wa faragha. Mwaka 2001 Peter Kevan, Lars Chittka na Adrian Dyer walionya kwamba urujuanimno hauna cheo maalumu. Kwa kiumbe mwenye kipokezi chake ni sehemu moja tu ya mwanga pamoja na buluu na kijani, na mtafiti anayeupima peke yake, kwa kuwa ndio asiouona, anapima ushangao wake mwenyewe. Hoja yao ilihusu nyuki na ndege, lakini yafaa kwa vipepeo pia. Papilio xuthus wa Japani hupambanua rangi kwa vipokezi vya aina nne, urujuanimno ukiwa mmojawapo. Kwake hakuna siri ya kufichua.

Wanabiolojia hutofautisha kati ya kitu kilichoumbika kwa uteuzi asilia ili kupeleka habari, na kitu kinachotoa habari kwa bahati tu. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo tayari kwa kazi hiyo: ishara na dalili. Ishara hutolewa kwa mtu. Dalili husomwa na mtu. Wingu ni dalili ya mvua, wala wingu halimwambii mkulima neno. Mwako wa Colias dume ni ishara, kwani majaribio yameonyesha mpokeaji wake na anachofanya baada ya kuupokea. Imethibitika pia kwamba wingi wa mwako huo unabashiri vizuri zaidi kuliko harufu ni dume yupi atakayepata jike. Kwa alama ambayo mpokeaji wake hajaonyeshwa, neno lifaalo ni dalili, au alama tu. Ni jambo la kusikitisha kwamba maneno haya mawili hutumiwa kama visawe katika maandishi ya sayansi, ilhali lugha nyingine zimelazimika kuyaunda kwa taabu.

Huenda ikasemwa kwamba haya yote ni uchunguzi wa punje kwa darubini. Kwamba asemapo mwandishi "hazionekani", kila mtu anajua amekusudia sisi binadamu. Hoja hiyo ina nguvu katika mazungumzo. Haina nguvu darasani, ambako msomaji ndiye anayefundishwa kile ambacho hoja inadhani anakijua. Wala haina nguvu kwa wale ambao vipepeo ni kazi yao. Tangu mwaka 1993 wakulima wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wamekuwa wakifuga viwavi na kuuza pupa kupitia mradi wa Kipepeo wa Gede. Mtu anayemtazama mdudu siku nzima akitongoza na kutongozwa hahitaji kuambiwa kwamba kuna siri; anahitaji kuambiwa nani anaona nini.

Huenda pia ikasemwa kwamba "zinazoonwa na" ni nzito. Ni kweli. Lakini uzito huo ni wa habari iliyoongezwa, na pengine hata huo hautoshi. Kipimo kigumu kimetoka kwa Heliconius erato wa Amerika ya Kati na ya Kusini, mwenye mistari ya manjano inayoakisi pia urujuanimno. Mwaka 2010 Adriana Briscoe na wenzake walionyesha kuwa vipepeo wa jenasi hii wana jeni mbili za vipokezi vya urujuanimno mahali ambapo vipepeo wengine wana moja. Baadaye ikabainika kwamba katika erato ni jike pekee atumiaye zote mbili machoni mwake, moja ikipokea zaidi mawimbi ya karibu nanomita 355 na nyingine ya karibu 390. Dume hutumia hiyo ya pili tu. Katika majaribio ya mwaka 2021 majike yaliweza kupambanua urujuanimno mmoja na mwingine; madume hayakuweza. Na mwaka 2023 ilionyeshwa, kwa Heliconius charithonia, kwamba jeni ya kipokezi cha kwanza iko katika kromosomu W, ambayo majike peke yao huwa nayo.

Dume huyo si kipofu wa urujuanimno, na mistari yake ya manjano ni kamili kama ya jike. Ila vivuli vya mwanga huo, ambavyo jike huvitofautisha, kwake ni kimoja. Hivyo hata sentensi iliyosahihishwa, "alama zisizoonwa na binadamu lakini zinazoonwa na vipepeo", bado ni pana mno kwa spishi hii. Mwandishi atakayetaka kuisema kweli itambidi aandike kwamba huonwa na dume kwa kiasi, na hupambanuliwa na jike. Vitenzi viwili, watenda wawili, na vyote viwili katika kauli ya kutendwa.